Ukuta Nyuma ya Jiko la Zadok

Shangazi Bernadetta alikuwa na dini mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Kikatoliki, na hiyo aliifuata Jumapili na siku za sikukuu. Ya pili ilikuwa ya marumaru, na hiyo aliifuata kila siku.

Zote mbili alizipata mahali pamoja. Ujana wake aliumalizia katika jiko la mapadre huko Bukoba, akiwapikia ndizi kwa nyama na vyakula vya Kizungu ambavyo mwenyewe hakuvionja mpaka padre ageuze kisogo. Nyuma ya jiko lile ukuta ulivikwa marumaru nyeupe, zimepangwa bega kwa bega. Mafuta yakiruka, unapitisha kitambaa chenye maji, ukuta unabaki unacheka. Tangu hapo Shangazi akawagawa wanadamu mafungu mawili: wenye ukuta unaofutika, na wale ambao masizi yao hupanda mpaka darini yakaning'inia kama popo.

Kwa hiyo siku Leonsia alipomweleza kwamba kuna kijana anaitwa Zadok Ojuok, mtu wa Shirati, mchomeleaji wa meli bandarini, Shangazi hakuuliza kama kijana anampenda. Hakuuliza hata kama anakunywa pombe. Leonsia alikuwa binti wa kaka yake, mzee Mutayoba wa Kamachumu. Aliishi naye Kirumba na kufundisha shule ya msingi pale mjini. Shangazi alimtazama kutoka juu mpaka chini, akauliza, "Jiko lake lina nini ukutani?"

"Anajenga Nyegezi, shangazi. Nyumba ya matofali ya kuchoma. Bati limeshapanda."

"Sikuuliza bati. Hata kuku analala chini ya bati."

"Jiko amelitengeneza mwenyewe, la chuma cha meli, na bomba la moshi."

"Na nyuma yake?"

Leonsia akainamisha macho. Nyuma ya jiko palikuwa na matofali tu, yanatazama.

"Sikiliza, mwanangu," Shangazi akasema, akikaa vizuri kwenye kiti chake cha vitambaa. "Jumapili baada ya misa nitakwenda kuliona. Nikikuta marumaru, mimi mwenyewe nitapanda meli niende kuzungumza na baba yako. Kwamba ni Mjaluo, nitayameza. Kwamba Bikira Maria hamjui vizuri, tutamfundisha. Lakini nikikuta masizi, Kaijage ameuliza habari zako mpaka nimechoka kumjibu. Na Kaijage ana marumaru mpaka bafuni."

Kaijage alikuwa mkaguzi wa pamba, mgane, mwenye gari aina ya Pijo na kitambi kilichofika mahali popote kabla yake. Hakuwa mtu mbaya. Leonsia alishajaribu kumfikiria kama mume, akaona anamfikiria kama kabati.

Jumamosi mchana Leonsia akaaga kwamba anakwenda shuleni kusahihisha madaftari. Miguu ikamchukua mpaka kwenye basi la Nyegezi, na moyo ukatangulia mbele ya basi.

Zadok alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake, amevaa suruali ya bugaluu iliyopauka, nywele zimesimama kama mtu aliyepigwa na habari njema, na kwenye mikono yake vidoadoa vya cheche za moto wa kuchomelea, ambavyo Leonsia alivijua kimoja kimoja ingawa hakupaswa. Walijuana kwenye kivuko cha Busisi. Leonsia alikuwa anarudi kutoka harusini Geita, basi limemtikisa njia nzima, na pilau ya watu ikakataa kukaa tumboni, ikaishia juu ya viatu vya kijana aliyesimama karibu naye. Kijana akavitazama viatu, akamtazama yeye, akasema, "Hivi nilikuwa nimeshavichoka." Mwanamke akishakutapikia na wewe ukacheka, kilichobaki ni kutafuta padre.

"Umechelewa, mwalimu," Zadok akasema sasa.

"Umenisubiri mimi au umesubiri sanduku la marumaru?"

"Sanduku limefika asubuhi. Nilikuwa nakusubiri wewe."

Akatazama pembeni alipokwisha kusema hivyo, kama mtu aliyeangusha kitu cha thamani na anaona haya kuinama kukiokota. Leonsia akajifanya kufunga kamba ya kiatu. Kiatu chenyewe hakikuwa na kamba.

Sanduku lilikuwa jikoni, juu ya sakafu. Masalu, rafiki yake Zadok aliyefanya kazi kwenye meli ya Kisumu, ndiye aliyelileta, amelifunika kwa magunia kama mtoto mgonjwa. Zadok akalibandua kwa bisibisi. Safu ya juu ilikuwa nyeupe, safi, inang'aa mpaka Leonsia akajiona pua. Safu ya pili ikawa ya kijani, kijani cha jani la mgomba lililofunguka jana.

"Masalu," Zadok akasema kwa sauti ya chini, kama kwamba Masalu alikuwa mle sandukuni. "Nilimwambia nyeupe. Nyeupe, kama za mapadre."

"Nyeupe zinatosha ukuta wote?"

"Nusu."

"Na kijani?"

"Nusu."

Leonsia akaokota moja ya kijani, akaipangusa kwenye shavu lake. Ilikuwa baridi. Akaiweka ukutani nyuma ya jiko, akarudi nyuma kuitazama, akaweka nyeupe kando yake. Mwili ukamsisimka kama siku ya kwanza ya mshahara.

"Tutazichanganya," akasema. "Nyeupe, kijani, nyeupe, kijani. Kama ubao wa drafti."

"Mke wangu wa baadaye akipika, wazee watakuja kucheza drafti nyuma ya sufuria."

"Mkeo wa baadaye ni nani huyo anayesemwa?"

"Nasema tu. Bora kijani chini, nyeupe juu. Kama nchi na mawingu."

"Zadok, mchuzi unaruka chini. Kijani kitaficha, lakini Shangazi hataki kinachoficha. Anataka kinachoonyesha halafu kifutike. Wewe humjui. Atalowesha leso, atafuta, ataitazama leso."

"Basi drafti."

"Unakubali upesi hivyo?"

"Nimekubali tangu Busisi," Zadok akasema, "ila hukuwa katika hali ya kunisikia."

Wakacheka mpaka mjusi akahama ukutani. Wakazipanga sakafuni kwanza, magoti kwa magoti, mmoja akitoa nyeupe na mwingine kijani, na kila walipofika mahali pamoja mikono iligongana, na hakuna aliyeomba radhi. Ukuta mzima ukalala pale chini, mzuri, unasubiri kusimama.

"Sasa lete saruji," Leonsia akasema.

Zadok akaingia chumbani kwa kishindo cha mtu aliyejiandaa. Mfuko wake wa mwisho aliutunza kuliko nguo zake. Aliuweka juu ya mbao, akaufunika turubai, akauwekea na kufuli ya mlango. Kitu kimoja tu hakukifunika, nacho ni bati la juu yake, lililokuwa na tundu la msumari, na mvua ilipata njia mpaka chini ya turubai. Leonsia akasikia ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi kwa jiwe.

Zadok akatoka na uso umemshuka. "Umekuwa jiwe."

"Wote?"

"Ukitaka, naweza kukuchongea sanamu."

Na mwaka ule wa uhaba, kupata mfuko mwingine wa saruji kati ya Jumamosi mchana na Jumapili baada ya misa kulikuwa kama kupata mtakatifu mpya kati ya sadaka na komunyo. Zadok akakaa chini, mgongo ukutani, mikono juu ya magoti. Leonsia alishamwona akining'inia kwenye ubavu wa meli, moto mkononi, bila kutetemeka. Sasa akaona midomo yake inatetemeka.

"Kesho Shangazi atakuja na Kaijage," akasema polepole. "Kaijage amejitolea kumleta kwa gari. Anasema ni ukarimu."

"Ukarimu wa fisi kusindikiza mgonjwa."

"Nyuma ya nyumba yako kuna kichuguu."

Zadok akainua kichwa.

"Bibi yangu alisiriba kwa udongo wa kichuguu," Leonsia akaendelea, maneno yanamkimbia. "Udongo, majivu kidogo, na kinyesi cha ng'ombe. Ulishika mpaka alipokufa."

"Ulishika marumaru?"

"Uliwashinda panya. Hata wao walishindwa kuutoboa. Kitu kilichomshinda panya kitashindwa na marumaru? Inuka, Ojuok. Lete jembe."

Akainuka. Baada ya muda mfupi mle jikoni palikuwa na ndoo, udongo mwekundu, majivu, na mengine yaliyoombwa kwa jirani mwenye zizi. Leonsia akavua saa, akafunga kanga juu ya gauni lake la kufundishia, akaingiza mkono wa kulia kwenye ndoo mpaka kiwiko. Udongo ulikuwa laini na baridi kama ugali wa jana uliotiwa maji. Akachota, akageukia ukutani.

Zadok akamshika kifundo cha mkono.

Hakumshika kwa nguvu. Lakini alimshika, na jinsi alivyomshika ilimfanya Leonsia asahau kidogo kwamba alikuwa na udongo.

"Ngoja," akasema. "Nipake mimi."

"Wewe utapaka kama unavyopaka rangi meli. Niache."

"Leonsia. Ngoja nikuambie kwanza."

Akamwachia mkono, akajifuta kwenye suruali.

"Kwetu mwanamke hasiribi ukuta wa jiko la mwanamume hivi hivi. Dada anaweza kufagia, jirani anaweza kupika. Lakini kusiriba nyuma ya moto, kwa kiganja chake, hapana. Akisiriba, hilo jiko ni lake. Mama yangu alivyoolewa ilikuwa hivyo, kabla hata ng'ombe hawajafika. Akisha kusiriba, hakuna mtu wa kumtoa. Na yule mwanamume hawezi kuleta mwingine akaupaka juu yake."

"Na mimi ni Mhaya."

"Ndiyo. Mama akiuona ukuta atauliza nani kaupaka, na anakuja leo jioni kwa basi la Musoma. Sitaki uingie kwa mlango ambao hukujua kwamba ni mlango."

Nje mbuzi alipita akilia peke yake. Udongo ulianza kuchuruzika kwenye vidole vya Leonsia, tone, tone, juu ya sakafu. Akamfikiria baba yake, na sauti yake ya kukohoa kabla ya kusema hapana. Akamfikiria Shangazi na leso yake. Akamfikiria Kaijage, akaona kabati. Kisha akamtazama Zadok Ojuok, aliyekuwa na nafasi nzuri kabisa ya kukaa kimya na hakukaa kimya, na akaona kwamba swali lilikuwa limekwisha kujibiwa, bado mkono tu kupelekewa habari.

"Mwanamke akiwa anajua," akauliza, "halafu akasiriba?"

"Akijua akasiriba, basi amesema."

"Amesema nini?"

"Amesema."

Leonsia akaingiza na mkono wa kushoto kwenye ndoo.

"Sogea," akasema. "Unanizibia mwanga."

Akasiriba. Alianzia katikati, akaenda kwa viganja vyote viwili, mviringo juu ya mviringo, kama bibi yake, na pale udongo uliponenepa akapitisha vidole, ikabaki mistari kama ya jani la mgomba. Hakuruka kona hata moja. Jasho likamtoka puani na alipolipangusa akajipaka masharubu. Zadok alisimama anamtazama tu, ndoo mkononi, macho yamemjaa maji ambayo baadaye alidai ni majivu.

"Sasa tuufunike," Leonsia akasema, akihema. "Watu watazame marumaru. Hiki kilicho chini tutakijua sisi wawili."

Wakazibandika moja moja, nyeupe, kijani, nyeupe, kijani, zikashika. Leonsia akazigonga kwa ukucha, hazikutikisika. Jua lilikuwa bado juu ya maji alipopanda basi la kurudi mjini, na kiti kizima cha basi hakikumtosha kwa furaha.

Jumapili Mama Akelo, mamake Zadok, aliamka kabla ya majogoo wa Nyegezi. Zadok alikuwa amemsihi asiwashe jiko kwa nguvu. Ukuta ni mbichi, akasema, uchomwe moto taratibu. Lakini mpe mama wa Kijaluo jiko la chuma na samaki sato watatu, halafu mwambie apike taratibu, uone kama atakusikia. Walipofika wageni kutoka misani, chuma kilikuwa chekundu na supu ya samaki inaunguruma.

Kaijage alibaki garini, akilinda rangi ya Pijo dhidi ya mbuzi. Shangazi Bernadetta akashuka, amevaa kitenge cha sikukuu, na Leonsia nyuma yake, amekunja vidole ndani ya viganja.

"Karibu, sangasi. Pole na safari," akasema Mama Akelo.

"Asante, mama. Na wewe umerara vizuri?"

Kila mmoja akamhurumia mwenzake kimoyomoyo kwa Kiswahili chake kibovu, wakaingia.

"Shikamoo, mama," Zadok akasema.

"Marahaba," akajibu Shangazi bila kumtazama. Alikuwa anatazama ukuta.

Marumaru zilisimama nyuma ya jiko, zinang'aa kwa mvuke, nyeupe na kijani, na mwanga wa dirisha ulizipitia kama maji. Shangazi akasogea. Akainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili. Leonsia alimtazama shangazi yake, akajua kwamba mle ndani mtu alikuwa amerudi ujanani.

"Kijani ni wazo la nani?" akauliza Shangazi.

"Ni wazo la meli, mama," Zadok akasema.

"Si baya."

Leonsia akavuta pumzi, ya kwanza tangu Ekaristi. Shangazi akatoa leso kifuani, akailowesha kwenye ndoo, akachagua marumaru moja nyeupe juu ya sufuria, akafuta. Akaitazama leso. Ilikuwa safi. Akafuta tena, kwa nguvu zaidi, kwa raha tu.

Marumaru ile ikaja na leso. Ikateleza, ikamponyoka, ikatumbukia kwenye supu, chubwi.

Shangazi alibaki na mkono hewani. Kisha jirani yake, ile ya kijani, ikainama kidogo mbele kama muumini anayesinzia, ikaanguka nyuma ya sufuria. Halafu ya chini yake. Halafu safu nzima ikapiga magoti kwa pamoja, zikashuka zikilia juu ya chuma cha moto, nyeupe, kijani, nyeupe, kijani, mpaka zikabaki tatu juu kabisa, nazo zikaona haya kubaki peke yao.

Nyuma yake ukuta ulikuwa mwekundu, umekauka vizuri sana. Viganja vya mwanamke vilionekana mpaka mikunjo.

"Udongo," akasema Shangazi Bernadetta. Alilisema neno lile kama mtu anayetaja ugonjwa. "Mmebandika marumaru kwa udongo."

"Mama, saruji ilikuwa—" Zadok akaanza.

"Nyamaza kwanza, baba." Aliyesema hivyo alikuwa Mama Akelo. Alikuwa ameshasogea mpaka ukutani. Akaweka kiganja chake juu ya alama moja ya kiganja, akakiondoa. Akafuata mstari wa vidole mpaka kwenye kona, akaikagua kona, akaikagua na ya pili. "Nani kasiriba hapa?"

"Fundi, nani tena," Shangazi akasema. "Fundi mbovu."

"Huyu si fundi. Mwanamume akisiriba hafiki kwenye kona." Mama Akelo akageuka, akamwendea Leonsia, akamkunjua vidole kimoja kimoja, taratibu, kama anayemenya yai. Chini ya kucha palikuwa na udongo mwekundu ambao sabuni ya jana na ya leo haikuutoa.

Akaushikilia mkono ule, akamgeukia Shangazi.

"Dada yangu, kwetu hili ni neno kubwa. Mwanamke akisiriba nyuma ya moto wa mwanamume, ameolewa. Mimi ndivyo nilivyoolewa."

"Ameolewa na nani? Na ukuta?" Shangazi aliketi juu ya sanduku tupu la marumaru, akasimama tena. "Kaka yangu hajui hata jina la huyu kijana. Padre hajui. Mahari haijatajwa. Mtoto ameshika tope, mnaniambia ameolewa?"

"Ndiyo maana sijapiga vigelegele," Mama Akelo akasema kwa upole. "Mgeni hafungwi na mila asiyoijua. Kama hakujua, nachota maji sasa hivi, naufuta wote, na hakuna aliyesikia. Mtoto arudi kwenu kama alivyokuja."

Uso wa Shangazi ukakunjuka. "Umesema vizuri. Hakujua. Mtoto wa Kamachumu atajulia wapi mambo ya Shirati? Chota maji, mama."

Mama Akelo hakuchota. "Nataka nilisikie kutoka kwake."

Nje, Kaijage akapiga honi. Piip, ya mtu mwenye adabu anayechoka.

Leonsia alihisi macho yote juu yake, lakini macho yaliyomuunguza ni ya mtu mmoja. Zadok hakumkonyeza, hakumtikisia kichwa. Alikuwa amesimama kando ya ndoo ya maji, na alisogea hatua, kuiacha wazi, ili kama ni kuchotwa yachotwe. Mlango mwingine ulikuwa pale, mpana, na shangazi yake ameushika kwa mkono wake. Angesema neno dogo tu, wangeondoka, na labda mwakani saruji ingepatikana, na labda baba angekohoa asiseme hapana. Labda.

"Nilijua," akasema.

"Unasema nini wewe?"

"Nilijua, shangazi. Aliniambia kabla. Alinishika mkono akanizuia, akanieleza yote. Halafu nikasiriba."

"Alikueleza, ukaelewa?"

"Nikaelewa."

"Na ukaendelea." Shangazi alikuwa ameanza kupumua kama aliyepanda mlima wa Bugando. "Kwa mkono mmoja au yote miwili?"

"Yote miwili, shangazi."

Shangazi Bernadetta akaketi tena juu ya sanduku. Akaitazama leso yake mbichi, akaikunja mara nne, akaikunjua. Walipodhani sasa atalia au atapiga mtu, mabega yake yakaanza kutikisika, na ikawachukua muda kutambua kwamba anacheka.

"Miaka yangu yote nimesugua marumaru za watu," akasema, akijifuta macho kwa leso ileile. "Nimezijua kila moja. Kuna iliyokuwa na ufa kama unywele, niliipa na jina. Na siku nilipoondoka pale, mama, nilibeba kikapu changu tu. Hakuna aliyeniuliza ukuta huu ni wa nani." Akamtazama Leonsia kwa jicho la pembeni. "Wewe umekaa na udongo mchana mmoja, tayari una jiko. Mwizi mkubwa."

"Shangazi—"

"Usiniite. Bado nimekasirika. Ng'ombe watatajwa na kaka yangu, na hatataja wachache, nitamshauri mwenyewe. Na harusi ni kanisani. Huu ukuta ni ukuta, si sakramenti."

"Ndiyo, mama," Zadok akasema upesi.

"Wewe nawe, nimekuuliza?"

Honi ikalia tena, safari hii bila adabu. Shangazi akasimama, akaenda dirishani, akatoa kichwa nje.

"Kaijage," akaita. "Tangulia, baba. Usitusubiri. Huku kuna mambo ya ukoo."

Hawakusikia Kaijage alijibu nini. Walisikia mlango wa gari, kisha injini, kisha mbuzi wakilia kwa vumbi. Shangazi alirudi katikati ya jiko, akafungua fundo la kona ya kitenge chake, akatoa buni za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa, zile ambazo Wahaya huwapa wageni wao wa heshima na hawampi mtu wanayepanga kumkataa. Akamtilia Mama Akelo tatu kiganjani.

Mama Akelo akashukuru, akazitia kinywani, akazimeza zote mara moja kama dawa ya malaria.

"Hutafunwa, mkwe," akasema Shangazi.

"Basi nipe nyingine."

Wakacheka wale wazee wawili, wakashikana mikono, wakaanza palepale kubishana kama ng'ombe wa Shirati ni wakubwa au wana pembe tu. Zadok alikuwa amekuja kusimama karibu na Leonsia, karibu kiasi kwamba joto la jiko na joto lake havikutofautiana. Hakumgusa, wazee walikuwepo. Alisema tu, kwa sauti ya kusikika na sikio moja, "Masharubu ya jana yalikupendeza."

Leonsia aliuma mdomo asicheke. Hata sasa, baada ya hatari kupita, damu ilimwenda mbio mwilini kama watoto wakitoka darasani.

Mama Akelo akauacha mjadala wa ng'ombe ghafla. Akachukua mwiko uliokuwa umelala pembeni ya sufuria, akaupangusa kwenye kanga yake, akasogea mbali na jiko, na nafasi ile mbele ya moto ikabaki tupu.

"Shika, mama," akamwambia Leonsia, akimnyooshea mwiko. "Kuna marumaru ndani ya supu. Itoe kabla mumeo hajavunjika jino."